Debe Shinda Katika Bahari Kuu

Wahenga walisema debe shinda haliachi kutika. Walikuwa wanamsema mtu, si debe, lakini mhandisi wa meli za gesi angeweza kuibandika methali hiyo ukutani ofisini kwake na kuitumia kama kanuni ya kazi. Debe lililojaa pomoni na kufunikwa hutulia kichwani. Lenye maji kidogo tu chini nalo halisumbui. Taabu iko kwa lile lililofika nusu: kila hatua maji huenda huku, yakarudi kule, yakagonga ubavu na kumrukia mchukuzi shingoni. Ndiyo maana watekaji maji wengi, kabla ya kujitwika, hutandaza jani au kitawi juu ya maji.

Tangi la meli ya kisasa ya gesi lina upana wa karibu mita 40, urefu unaokaribia mita 50 na kimo cha zaidi ya mita 25. Meli moja huwa na matangi manne ya namna hiyo, na kwa jumla hubeba mita za ujazo 174,000 za gesi asilia iliyopozwa ikawa kimiminika, ile inayojulikana kote duniani kama LNG. Kimiminika chenyewe ni chepesi, hakifiki hata nusu ya uzito wa maji ya ujazo huo huo. Hata hivyo tangi moja likijaa huchukua karibu tani 20,000. Likiwa shinda, limefika nusu tu, hizo ni tani 10,000 zenye nafasi ya kukimbia.

Na bahari huzipa sababu ya kukimbia.

Biashara hii yote inategemea baridi. Gesi asilia ikipozwa hadi nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua takriban mara 600. Mwaka 1959 meli ya Methane Pioneer ilivusha shehena ya majaribio kutoka Louisiana, Marekani, hadi Canvey Island kwenye mlango wa mto Thames nchini Uingereza. Biashara ya kudumu ilianza mwaka 1964, na muuzaji alikuwa Afrika: gesi ilitoka Arzew, Algeria, ikapelekwa kwa Waingereza. Safari zilikuwa fupi, meli zilikuwa ndogo, na kutika kwa shehena hakukumnyima mtu usingizi.

Mambo yalibadilika mwaka 1969. Meli mbili mpya zilizojengwa Malmö, Sweden, Polar Alaska na Arctic Tokyo, kila moja ikiwa na uwezo wa mita za ujazo 71,500, zilipewa kazi ya kupeleka gesi kutoka rasi ya Kenai huko Alaska hadi Japani. Njia yao ilikatiza Pasifiki ya kaskazini, moja ya bahari zenye hasira zaidi wakati wa baridi. Zilipokwisha kushusha shehena Japani, hazikukausha matangi. Zilibakiza gesi kidogo chini, kwa makusudi, ili kuta zisipate joto wakati wa kurudi. Tangi lililopata joto haliwezi kupokea LNG mpaka lipozwe upya taratibu, na muda huo ni fedha.

Gesi hiyo kidogo ndiyo iliyoleta kasheshe. Mwaka huo huo wa 1969, katika tangi namba moja la Polar Alaska, lile la karibu na omo, mabaki ya LNG yalitika kwa nguvu hadi yakang'oa vishikizo vya nyaya za umeme za pampu. Vyuma vilivyolegea vikatoboa ukuta wa ndani wa tangi mahali kadhaa. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Arctic Tokyo, na safari hii hapakuwa na chuma cha kulaumiwa. Kimiminika chenyewe, katika hali mbaya ya hewa, kilibonyeza ukuta na kuharibu masanduku ya kihami joto yaliyokuwa nyuma yake. Meli zote mbili zilitengenezwa, zikarudi kazini na kuitumikia njia ile kwa miaka mingi. Lakini wahandisi walikuwa wamepata somo: kuna kidogo kisichosumbua na kidogo kinachosumbua, na mpaka kati ya viwili hivyo lazima ujulikane kwa kipimo, si kwa kukisia.

Msomaji ataelewa wasiwasi wao akijua ukuta huo umetengenezwaje. Katika aina moja ya matangi, kinachogusana na LNG ni bati la invar lenye unene wa milimita 0.7. Invar ni chuma kilichochanganywa na nikeli kwa asilimia 36, na sifa yake ni kwamba baridi haikifanyi kisinyae ila kidogo mno. Mswisi Charles Édouard Guillaume, aliyekigundua mwaka 1896, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920 kwa kazi iliyohusu kugundua aloi za namna hiyo. Aina ya pili hutumia bati la chuma cha pua la milimita 1.2, lililokunjwa matuta matuta ili lipokee mnyweo wa baridi bila kupasuka. Nyuma ya bati kuna kihami joto: masanduku ya plaiwudi au mabamba ya povu gumu. Ndipo unafika kwenye mwili wa meli wenyewe. Bati halibebi uzito wowote. Kazi yake ni kuzuia kimiminika kisipenye tu, na mzigo wote huupitisha kwenye kihami hadi kwenye chuma cha meli. Wenyewe huuita utando, na jina linaufaa.

Kwa nini nusu ndiyo hatari? Jibu liko kwenye muda. Kimiminika kilichomo ndani ya chombo kina mwendo wake wa asili wa kwenda na kurudi, na mwendo huo huamuliwa na upana wa chombo na kina cha kimiminika. Ndoo ya upana wa sentimita 30 hukamilisha mzunguko kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde, muda ambao haupishani sana na hatua ya mtu anayetembea. Tangi la upana wa mita 40 lililofika nusu hukamilisha mzunguko kwa sekunde 8 hivi. Kwa urefu wake, sekunde 9 hadi 10. Sasa ulinganishe na bahari kuu, ambako mawimbi mengi yenye nguvu hupishana kwa sekunde kati ya 5 na 15. Meli ikiyumba kwa muda ule ule ambao shehena ingependa kuyumba, kila wimbi linasukuma mahali pake na kwa wakati wake. Nguvu hujilimbikiza. Dakika chache za bahari isiyo kali sana zaweza kuleta ndani ya tangi fujo ambayo huko nje haionekani.

Tangi lililojaa hadi asilimia 98 halina ugonjwa huu kwa sababu kimiminika hakina pa kupandia. Tangi lenye kina kidogo sana hutengeneza wimbi dogo linalotambaa chini na kujichosha. Katikati ndipo penye kina cha kutosha kubeba wimbi zito na nafasi ya kutosha juu ya kulirusha.

Pigo lenyewe, likitazamwa kwa karibu, ni jambo la kushangaza. Wimbi linafika ukutani likiwa limesimama wima. Kilele chake kikiwahi kujikunja, hunasa mfuko wa mvuke kati yake na ukuta. Mvuke unabanwa, unasukuma, unabanwa tena, na ukuta unapokea mtetemo wa haraka unaofifia. Wimbi likichelewa kujikunja, kiwiko cha maji kinachopanda ukutani na kilele kinachoshuka hukutana mahali padogo mno, kisha maji hufyatuka kwenda juu kama yaliyokamuliwa. Hapo kanieneo inaweza kupita mara 10 ya ile ya hewa tunayovuta, juu ya eneo lisilofika mita moja ya mraba, kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Mtu akipepesa jicho limekwisha. Lakini utando na plaiwudi vimelihisi, na meli hufanya kazi kwa miaka 30 na zaidi.

Kupima tukio fupi na dogo namna hiyo kumewatoa watu jasho. Msingi uliwekwa na Mwingereza William Froude, aliyejenga bwawa la majaribio ya meli huko Torquay mapema katika miaka ya 1870 na kuonyesha jinsi mwendo wa kielelezo kidogo unavyoweza kutafsiriwa kuwa mwendo wa meli kamili. (Froude alifariki mwaka 1879 akiwa Simon's Town, Afrika Kusini, na huko ndiko alikozikwa.) Kwa kanuni yake, kielelezo kilichopunguzwa mara 40 huyumba kwa mdundo wa haraka zaidi: wimbi la sekunde 8 baharini huwa la sekunde 1.3 maabara. Kampuni ya Kifaransa ya GTT, ambayo mifumo yake ya utando imo katika meli nyingi za LNG duniani, hufanya hivyo hasa katika maabara yake ya Saint-Rémy-lès-Chevreuse, karibu na Paris. Tangi la plastiki angavu hukaa juu ya jukwaa lenye miguu sita ya mitambo, na miguu hiyo hulirusha juu chini, kushoto kulia, mbele nyuma, kwa kufuata mwendo wa meli uliokokotolewa kwa bahari fulani.

Ndani humwagwa maji ya kawaida. Juu yake haiachwi hewa ya kawaida. Mvuke wa gesi uliomo katika tangi halisi, kwa sababu ya baridi, ni mzito zaidi ya mara tatu ukilinganishwa na kimiminika chake kuliko hewa ilivyo kwa maji, na uzito huo huathiri jinsi wimbi linavyovunjika. Kwa hiyo wapimaji huchanganya naitrojeni na salfa heksafloraidi, gesi nzito, mpaka uwiano ulingane. Kisha jukwaa huachwa litikise kwa saa nyingi. Jaribio likirudiwa kwa mwendo ule ule, pigo haliji sawa: tone moja lililoruka kombo hubadilisha umbo la wimbi linalofuata. Wanaotafuta namba moja ya uhakika hurudi na jedwali la uwezekano.

Uholanzi walikwenda mbali zaidi. Katika mradi ulioitwa Sloshel, mawimbi ya ukubwa halisi yalitengenezwa kwenye mfereji wa urefu wa mita 240 na kuachwa yapige kipande cha ukuta halisi wa tangi, ili ionekane kama vielelezo vidogo vinasema kweli. Ilibainika kwamba si vyepesi kuvitafsiri, kwa kuwa povu, mvuke na ulaini wa ukuta havipungui kwa kipimo kimoja.

Yaliyotokana na miaka hiyo yote yanaonekana kwa macho mtu akiingia ndani ya tangi likiwa kavu. Kwanza, pembe zimekatwa. Tangi la utando likitazamwa kutoka mbele lina pande nane, kwa sababu pembe ya mraba karibu na dari ndiyo inayokamata wimbi na kulibana. Pili, ni tupu. Hakuna ukuta wa kati, hakuna nguzo, isipokuwa mnara mmoja wa pampu. Mtu angetarajia kuona vizuizi vya kuvunja wimbi, lakini bati la unene wa milimita moja haliwezi kubeba kizuizi kinachosukumwa na maelfu ya tani. Ulinzi unaobaki ni kihami kilichoimarishwa sehemu za juu, na sheria.

Sheria yenyewe ni fupi. Mipaka hutofautiana kati ya meli na meli, lakini kwa kawaida tangi la utando haliruhusiwi kwenda bahari ya wazi likiwa na kimiminika kati ya asilimia 10 na asilimia 70 ya kimo chake. Chini ya hapo sawa, juu ya hapo sawa. Katikati ni marufuku.

Kwenye karatasi hilo halina utata. Nahodha aliye gatini akipakia, matangi yamefika nusu, na tufani inakuja, analiona kwa jicho lingine. Kujaza meli kubwa huchukua nusu siku na zaidi, na kushusha vivyo hivyo. Akilazimika kuondoka, njia iliyobaki ni kuhamisha shehena kutoka tangi hadi tangi: mawili yajae, mawili yabaki karibu matupu, huku akichunga meli isiinamie omo wala tezi na mwili wake usipindwe kupita kiasi. Akiwa baharini silaha yake ni usukani na mwendo. Meli inayoyakabili mawimbi hukutana nayo mara nyingi zaidi. Inayokwenda nayo hukutana nayo mara chache. Kugeuza uelekeo kwa nyuzi chache au kupunguza kasi kunaweza kuitoa shehena kwenye mdundo wake, hata meli ikiendelea kwenda mrama kama kawaida.

Kuna waliochagua njia tofauti tangu mwanzo. Wanorwe wa Moss walitengeneza tangi la duara kamili, na meli ya kwanza ya aina hiyo, Norman Lady, ilianza kazi mwaka 1973. Ni zile meli ambazo vichwa vya matangi yake huchomoza juu ya sitaha. Duara halina pembe ya kukamata wimbi na ukuta wake ni mnene, unajitegemea. Linaweza kusafiri likiwa na kiasi chochote. Wajapani wa IHI nao walirudi kwenye tangi la pembe lakini la aluminiamu nene, lenye kuta za kati zilizotobolewa matundu, zinazoacha kimiminika kipite polepole na kuvunja wimbi lisikue. Mwaka 1993 Polar Alaska na Arctic Tokyo zilipoanza kupumzishwa kwenye njia ya Japani, meli iliyokuja kushika nafasi, Polar Eagle, ilikuwa na matangi ya aina hiyo. Wenye njia hiyo, inaonekana, hawakuwa wamesahau.

Hata hivyo utando ndio ulioshinda sokoni. Tangi la utando hufuata umbo la meli bila kupoteza nafasi, halihitaji chuma kingi, na meli yake haikamatwi na upepo kama ile ya maduara. Mfanyabiashara akapiga hesabu akaona ni nafuu kutii sheria ya asilimia 10 na 70 kuliko kujenga tangi lisilohitaji sheria.

Barabarani mambo ni yale yale kwa kipimo kidogo. Lori la mafuta limegawanywa vyumba ndani, na mara nyingi vyumba hivyo vina vizuizi vyenye matundu. Malori mengi ya maziwa hayana, kwa kuwa kila kizuizi ni kona isiyosafishika. Dereva wake hujifunza kufunga breki mapema na kusubiri msukumo wa pili, ule unaofika baada ya lori kusimama. Hata angani jambo hili limeleta hasara. Machi 2007 roketi ya Falcon 1 ya kampuni ya SpaceX ilishindwa kufika kwenye mzingo baada ya oksijeni kimiminika kuanza kutika katika hatua yake ya pili, ambayo haikuwa na vizuizi ndani ya tangi.

Kutika kuna ndugu yake asiyepiga kelele. Huyu havunji ukuta, hupindua chombo. Kimiminika kikiwa huru kutambaa, meli ikilala kidogo upande mmoja nacho hukimbilia upande huo huo, na badala ya meli kuinuka hukandamizwa zaidi. Ubaya wake hukua kwa upana ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, ndiyo maana ukuta mmoja wa katikati hupunguza athari hadi robo. Kwa sababu hiyo maji ya ngama hayakuachwa yazidi katika majahazi ya pwani yetu. Mabaharia walifua maji usiku na mchana bila kuhitaji mlinganyo wowote.

Mfano mchungu uko Bahari ya Shamu. Februari 2006 feri ya al-Salam Boccaccio 98 iliondoka Duba, Saudi Arabia, kwenda Safaga, Misri, ikiwa na abiria na mabaharia zaidi ya 1,400. Moto ulizuka kwenye sitaha ya magari. Maji ya kuuzimia yakajikusanya kwenye sitaha hiyo pana isiyo na ukuta, matundu ya kuyatoa yakiwa yameziba, na ndiyo yaliyoipindua meli. Watu zaidi ya 1,000 walikufa.

Hata shehena kavu imewahi kutika. Tarehe 2 Januari 2015 meli ya Bulk Jupiter, iliyobeba tani 46,400 za udongo wa boksiti kutoka Kuantan, Malaysia, ilizama karibu na Vietnam. Kati ya mabaharia 19 alisalimika mmoja, mpishi. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la Bahari ulionyesha kwamba boksiti yenye unyevu mwingi, ikitikiswa na mawimbi, hutoa maji na udongo laini vikapanda juu na kuwa tope linaloelea na kuyumba. Walichopakia ni udongo. Kilichokuwa kikisafiri, siku chache baadaye, ni debe shinda.

Turudi kwenye gesi, kwa sababu huko ndiko mambo yanakochacha. Sheria ya asilimia 10 na 70 ilitungwa kwa biashara ya mstari mmoja: meli inajaa bandari A, inamwaga yote bandari B, inarudi. Biashara ya leo imeacha mstari huo.

Mtazame jirani yetu wa kusini. Nje ya pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji, juu ya maji yenye kina cha mita 2,000 hivi, kumefungwa mtambo unaoelea wa Coral Sul. Unavuta gesi chini ya bahari, unaigeuza kimiminika hapo hapo, na una uwezo wa kutoa tani milioni 3.4 kwa mwaka. Shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Mtambo wa namna hii haujui kujaa na kumwaga: gesi inaingia matangini kidogo kidogo kila saa, mpaka meli ije kuchukua. Maana yake sehemu kubwa ya maisha ya matangi ni katikati, palepale palipopigwa marufuku, na mtambo umefungwa nanga, hauwezi kugeuza uelekeo na kukwepa. Dawa inayotumika kwa mitambo ya aina hii yenye matangi ya utando ni kuyapanga safu mbili, ukuta ukipita katikati ya meli. Tangi la upana wa mita 20 hutika kwa sekunde 5 hivi, na mawimbi mafupi ya muda huo hayawezi kuusumbua mwili mzito kama ule.

Cameroon walipata dawa nyingine, tena ya zamani. Mtambo wa Hilli Episeyo, ulioanza kutoa LNG mbele ya Kribi mwaka 2018, ni meli ya mwaka 1975 iliyofanyiwa ukarabati, na matangi yake ni maduara ya Moss. Lile duara lililoshindwa sokoni likapata ajira ya uzeeni, kwa sababu halijali limejaa kiasi gani.

Kisha kuna meli zinazochoma gesi badala ya kuiuza. CMA CGM Jacques Saadé, meli ya makontena ya urefu wa mita 400 iliyokabidhiwa mwaka 2020, ina tangi la mafuta la LNG la mita za ujazo 18,600, na ni la utando. Kati ya Asia na Ulaya tangi hilo hushuka kutoka kujaa hadi karibu kwisha, na hakuna namna ya kuiruka nusu njiani. Lilibidi liimarishwe ili liweze kuvumilia kila kiwango, na meli za namna hiyo zinaendelea kuagizwa.

Kwa Watanzania suala hili halitakuwa la wengine daima. Serikali imetenga eneo la Likong'o mkoani Lindi kwa ajili ya kiwanda cha kuchakata gesi ya bahari kuu, na gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kuzidi futi za ujazo trilioni 57. Mazungumzo yamechukua miaka mingi na mjadala wa hadharani umekuwa juu ya mgawo wa mapato, jambo linaloeleweka. Lakini wakati wa kuchora gati, swali la kiufundi litakalohitaji majibu ya wazi ni meli ifanyeje kusi ikichachamaa huku matangi yake yakiwa nusu. Meli za gesi ya kupikia zinazoingia Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zina majibu yao: nyingi hutumia matangi ya mviringo yenye kuta nene, au yale yenye kuta za kati zilizotobolewa, na hivyo zinaweza kushusha nusu bandari moja na kuendelea na iliyobaki hadi nyingine. Meli ya LNG yenye matangi ya utando, ikitia nanga Lindi, itatakiwa kuondoka imejaa au karibu tupu.